Firigisi ya Mtukufu

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi na mtu aliyekaa. Sheria inataka usimame kwanza, ufunge vifungo vya shati, ndipo ulitamke. Kwa kuwa anayesoma hadithi hii huenda amekaa, tena pengine amejilaza kifua wazi, jina hilo tuliache. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba watu wake wanaipenda Serikali yao kwa ratiba.

Katika nchi hiyo aliishi Tegemeo, fundi baiskeli wa mkoa ulio mbali na mji mkuu, mbali kiasi kwamba sikukuu za taifa zilifika huko zikiwa zimekwisha kusherehekewa. Mama yake, Bi Zawia, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amefika mahali pa kumjua mwanawe kwa kikohozi na majirani kwa mburuzo wa ndala zao. Hospitali ya macho ilikuwepo mjini, tena ya bure, ila ilitibu watu waliotambuliwa tu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kiongozi wa ngazi ya kati apige simu hospitali aseme, "Mtu huyu namtambua." Basi. Hapakuwa na karatasi wala mhuri, maana nchi ile ilishapiga vita urasimu na kutangaza ushindi.

Na Bi Zawia alikuwa na kiongozi wa damu. Mdogo wake Lugendo, ambaye Bi Zawia mwenyewe alimbeba mgongoni enzi hizo anatambaa, sasa alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Makofi katika Wizara ya Shangwe. Bi Zawia akamkamata jogoo wake wa pekee kwa kupapasa, akamfunga miguu na kumtia kikapuni.

"Mpelekee mjomba wako," akamwambia Tegemeo. "Mwambie dada yake anamwomba aseme neno moja tu. Na usinitie aibu huko. Nyumba ya mtu mkubwa ina mambo yake, wewe fanya wanavyofanya wenyewe."

Tegemeo akaahidi hatatia aibu.

Nyumba ya Mjomba ilikuwa na mambo yake kweli. Mkaza mjomba, Bi Stumai, alimpokea jogoo kwa vidole viwili, akageukia mlango wa nyuma na kuita, "Jikoni, njoo umchukue huyu." Akatoka mama wa makamo, kanga kiunoni, mikono ina unga, akamchukua jogoo na kumwambia Tegemeo pole na safari. Tegemeo alidhani amesikia vibaya, kumbe hapana. Katika nyumba ile mtu aliitwa kwa kazi yake. Mlinzi aliitwa Geti, mfua nguo aliitwa Kamba, na watoto wawili wa nyumba waliitwa Shule, wote wawili, ukiita mmoja wanakuja pamoja. Mjomba mwenyewe, mkewe alimwita Naibu, hata wakiwa wananong'onezana. Kufikia jioni Tegemeo naye alikuwa na jina, akiitwa Mkoa, na alikuwa anaitika.

Yalikuwepo mengine. Makochi ya sebuleni yalikuwa bado yamevalishwa nailoni za dukani, na watu walikaa chini kwenye mkeka, wameegemea makochi. Hakuna aliyecheka mpaka Mjomba acheke, na Mjomba akikoma wote wanakoma, hata kama cheko lilikuwa katikati ya koo. Baada ya taarifa ya habari walipiga makofi, na utabiri wa hali ya hewa ulipigiwa zaidi, kwa kuwa mvua nayo ilikuwa juhudi ya Serikali. Tegemeo alikumbuka maneno ya mama yake, akapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Lililomponza mapema lilikuwa la bafuni. Picha ya Mtukufu, Mkuu wa Nchi, ilitundikwa kila chumba, na bafuni pia, kwa sababu Mtukufu hawaachi wananchi wake wapweke popote. Ila ile ya bafuni ilikuwa na kipazia kidogo cha maua. Ukitaka kuvua nguo unakifunga, ukishavaa unakifungua. Hakuna aliyemweleza Tegemeo. Aliingia, akavua, akaoga uso kwa uso na Mtukufu, akajisugua visigino na kuimba kidogo. Alipotoka alimkuta mkaza mjomba mlangoni amekunja mikono.

"Kipazia umekifunga?"

"Kipazia gani, mama?"

Bi Stumai akafumba macho. "Kwa hiyo amekuona," akasema.

Habari hiyo ilifika mezani kabla ya wali. Mjomba aliizungumza kwa kirefu, kwa sauti ile ya kuhutubia uwanja, mbele ya watoto wote wawili.

"Mpwa wangu, Mtukufu amebeba mzigo wa taifa zima. Mabwawa, mipaka, bei ya sukari. Si haki kumwongezea na huo wako."

Mjomba akacheka, kwa hiyo wote wakacheka. Mjomba akakoma, wakakoma. Tegemeo aliona aibu, akageuza uso pembeni.

Hapo ndipo alipokiona kiti. Mwisho wa meza kulikuwa na kiti kizuri kuliko vyote, hakina mtu, na mbele yake sahani ya dhahabu dhahabu iliyopakuliwa ikajaa. Miaka mingi nyuma, katika hotuba, Mtukufu aliwaambia wananchi, "Siku moja nitakuja kula nyumbani kwako." Hakusema kwa nani. Kila mtumishi wa Serikali alijua ameambiwa yeye. Tangu siku ile, katika nyumba zote za viongozi, kiti kiliwekwa na sahani ikapakuliwa, mchana na jioni, kwa minofu iliyonona kuliko mingine. Mtukufu alikuwa hajafika kwa yeyote, lakini kutofika kwake kulionekana kama ishara kwamba yuko njiani.

"Na asipokuja, chakula kinaliwa na nani?" Tegemeo akauliza.

Watoto wote wawili wakageukia kiti kitupu.

"Chakula cha Mtukufu hakiliwi," Bi Stumai akasema. "Wala hakitupwi. Kinapumzishwa."

Kilipumzishwa nyuma ya nyumba, chini ya mpapai. Kila baada ya chakula Jikoni alichimba kishimo, akakilaza na kukifunika udongo, huku mmoja wa wale Shule akishika mwavuli. Mpapai wenyewe ulikuwa umenawiri ajabu, na watoto walikuwa na miguu myembamba.

Tegemeo alipopata nafasi alieleza kilichomleta. Mjomba alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Suala la mama yako ni zito, mpwa wangu. Kumtambua mtu si jambo la kukurupukia. Leo nikimtambua dada, kesho atakuja shangazi, keshokutwa ukoo wote utataka kutambuliwa."

"Lakini Mjomba, si unamjua? Amekubeba mgongoni."

"Kumjua namjua sana. Ndiyo maana nasema suala lake linafanyiwa kazi."

Likafanyiwa kazi wiki ile nzima. Tegemeo alikaa kwenye mkeka, akacheka ilipobidi, akafunga kipazia na kukifungua. Alijiona anazidi kuwa mdogo, akamezea, kwa kuwa mama yake alikuwa kule nyumbani anapapasa kuta.

Ikafika siku ya kuchinjwa jogoo.

Huko kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na akiwepo mgeni, basi ni ya mgeni. Tangu baba yake Tegemeo afariki, Bi Zawia alikuwa akipapasa chunguni kwa mwiko, akaipata, akamwekea Tegemeo kiganjani bila kusema kitu. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kumwambia kwamba sasa yeye ni mtu mzima. Basi siku ile, bakuli la mchuzi lilipozungushwa, moyo wa Tegemeo ulikuwa umeshatangulia. Yeye ni mgeni, na jogoo ni wa mama yake. Bi Stumai akachota firigisi, akaipeleka mwisho wa meza na kuiweka juu ya wali wa kiti kitupu. Kisha akamtilia Tegemeo shingo.

Saa saba ikagonga, na saa saba ulikuwa wakati wa Wimbo wa Mchana. Nyumba nzima ilitoka uani kuimba, Mjomba mbele na Jikoni nyuma. Tegemeo hakutoka, kwa sababu mtu wa mkoani ambaye sauti yake haijakaguliwa hakuruhusiwa kuimba mjini. Akabaki peke yake na meza, na mwisho wa meza ile firigisi, inafuka moshi kidogo. Huko nje walikuwa kwenye ubeti wa mabwawa. Aliinuka ili akaitazame tu. Alimfikiria jogoo aliyekamatwa kwa kupapasa, akafikiria kishimo chini ya mpapai. Akaila. Na kwa kuwa ameshaila firigisi akala na minofu, na wali pia, kwa vidole, akiwa amesimama, mpaka sahani ikang'aa.

Walirudi wakifuta jasho. Bi Stumai ndiye aliyeona kwanza. Hakumtazama Tegemeo kabisa, maana hata katika nyumba ile ndugu hashukiwi akiwepo mtu wa kazi.

"Jikoni. Umekula chakula cha Mtukufu?"

Yule mama akaja akijifuta mikono. "Nilikuwa na nyinyi uani, mama, naimba."

"Nyuma yetu. Nani alikuona? Sema umekula, nikufukuze kwa heshima kabla sijamwita Geti."

Jikoni akaitazama sahani. Kisha akamtazama Tegemeo, ambaye midomo yake ilikuwa inameta mafuta mpaka kidevuni. Tegemeo alijua kwamba wakati wake wa kusema umefika. Alijua pia kwamba akisema tu, mama yake hatatambuliwa maisha. Alifungua mdomo, akaufunga. Jikoni akamngoja. Alimngoja muda mrefu, mrefu kuliko alivyostahili kungojwa, na Tegemeo akainamisha kichwa na kuitazama shingo yake ya kuku.

"Amekuja," Jikoni akasema.

"Nani amekuja?"

"Mwenyewe. Nilirudi kuzima jiko, nikamkuta amekaa. Amekula, ameondoka."

Ilikuwa rahisi kuona mawazo yakipita usoni pa Mjomba, moja baada ya jingine. Akisema haiwezekani, atakuwa amesema kwamba Mtukufu hatimizi ahadi, na watu walishapotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Akinyamaza, mkewe alishasikia, watoto walishasikia. Akaitazama sahani ilivyong'aa. Kisha, kama mtaalamu alivyopaswa, akaanza kupiga makofi. Bi Stumai akafuata, na wale Shule, na Jikoni. Tegemeo naye akapiga, viganja vikiteleza kwa mafuta.

Kesho yake akaja Mkuu wa Itifaki kutoka Ikulu, bwana mnene mwenye suti ya vipande vitatu, na msafara nyuma yake. Alipima kiti kwa futi kamba, akanusa sahani, akasimama katikati ya sebule.

"Ndugu wananchi," akasema, ingawa waliokuwepo walikuwa watu wa nyumba tu. "Historia haikai mbali. Jana historia imekaa kwenye kiti hiki, na imemaliza wali. Wapinzani wa maendeleo walisema haji. Sasa wajiulize nani amekula. Je, ni wao?"

Wakapiga makofi. Kisha bwana yule akaomba kuona jiko, na Tegemeo, aliyekuwa amejibanza stoo kwa aibu ya kutazamana na watu, akamsikia akizungumza na Jikoni kwa sauti nyingine kabisa, ya chini.

"Mama, tuko wawili tu. Alikuwaje? Ni mzima?"

"Mzima, bwana."

"Anakula? Anatafuna mwenyewe? Maana sisi pale tunamwachia chakula mlangoni, na asubuhi tunakikuta vilevile. Mwaka wa ngapi sasa. Hakuna anayethubutu kugonga." Bwana yule akavuta pumzi kama mtoto aliyekwisha kulia. "Alionekana ana furaha?"

"Alionekana ana njaa," Jikoni akasema. "Alikula kama mtu aliyenyimwa."

"Mungu mkubwa," Mkuu wa Itifaki akasema, akafuta macho.

Ikulu haikukanusha. Kwa kuwa Mtukufu mwenyewe hakusema kitu, na kwa miaka mingi kunyamaza kwake ndiko kulikoendesha nchi, jambo likawa limethibitishwa. Wiki hiyohiyo Mjomba akateuliwa kuwa Waziri wa Mapokezi. Alikuwa na furaha iliyopitiliza, akawapa watoto mbawa za kuku kila mmoja, na kwa furaha hiyohiyo akanyanyua simu mbele ya Tegemeo, akapiga hospitali ya macho na kusema, "Zawia namtambua." Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Lakini mtu aliyemwona Mtukufu kwa karibu ni mali ya taifa, na mali ya taifa haiachwi ovyo ovyo ikienda sokoni na kuongea na watu. Gari jeusi lilikuja kumchukua Jikoni, apelekwe Nyumba ya Kumbukumbu, mahali pa heshima penye ukuta mrefu, ambako wageni hawaruhusiwi na waliomo hawachoki kuenziwa. Akatoka na kifurushi chake cha kanga mbili. Mjomba alikuwa amewapanga watu wote kwenye mistari, makofi tayari. Tegemeo alikuwa karibu na geti. Yule mama akasimama mbele yake.

"Mwanangu, chumvi ilitosha?"

Tegemeo alitamani ardhi impasukie. Bado palikuwa na nafasi. Gari halijawashwa, Mkuu wa Itifaki yuko hatua chache tu, na maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili: nilikula mimi. Kule hospitali mama yake alikuwa ameshapewa kitanda.

"Ilitosha, mama," akasema.

"Haya. Nilikuwa na wasiwasi nayo."

Akaingia garini. Mjomba akatoa ishara, na makofi yakapigwa mpaka vumbi likatulia.

Bi Zawia akapasuliwa, jicho moja kisha la pili, na Tegemeo akamrudisha nyumbani akiwa bado na bandeji. Kabla hazijafunguliwa ilitoka amri redioni, na aliyeisoma ni Waziri wa Mapokezi. "Mtukufu ameonja firigisi na kuimaliza. Ni nani kati yetu, akiwa na akili zake, atakayethubutu kuitafuna baada ya hapo?" Kuanzia siku hiyo, firigisi ya kila kuku aliyechinjwa nchini ikawa ya Mtukufu. Ofisi za kata zikawekewa ndoo. Wakateuliwa Maofisa Firigisi, waliopita majumbani kwenye harufu ya mchuzi na kukoroga vyungu vya watu. Firigisi zenyewe zilikokwenda hakuna aliyejua, ila magari ya Wizara yalianza kunuka pilipili na ndimu. Wananchi walichangia kwa hiari, na asiye na hiari alisaidiwa kuipata.

Bandeji zikatolewa. Bi Zawia aliona mlango, akaona kuku akipita, akaona kanga yake ilivyochakaa, akacheka peke yake kama msichana. Siku ile alimchinja tetea, akapika mwenyewe bila kupapasa. Walipokaa mkekani akachungulia nje, akafunua kanga kiunoni, akatoa kipande cha jani la mgomba kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na firigisi.

"Ofisa nimempa ya bata wa jirani, hajui kitu yule," akasema. "Hii ni yako. Tangu baba yako aondoke hii ni yako. Kula."

Tegemeo hakunyoosha mkono.

"Mbona huniangalii?" mama yake akauliza. "Tangu macho yafunguke hujaniangalia. Nilipokuwa sioni ulikuwa unakaa hapa mbele yangu, leo naona, wewe unaangalia mlango."

Basi Tegemeo akamwambia. Alimwambia yote, kipazia na kiti, shingo na firigisi, yule mama alivyomngoja aseme naye hakusema, na swali la chumvi pale getini. Aliongea akitazama mkeka. Alipofika kwenye gari jeusi akalia, mwanamume mzima, na hakujali.

Bi Zawia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akayagusa macho yake kwa ncha za vidole, moja halafu la pili, taratibu.

"Kwa hiyo haya kayalipia yule mama," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Anaitwa nani?"

Tegemeo akafungua mdomo. Alijaribu kukumbuka, akarudi nyuma siku zote alizokaa kule, wali wote aliopikiwa, pole aliyopewa siku ya kwanza. Hapakuwa na kitu.

"Jikoni," akasema.

"Nimekuuliza jina lake."

"Walikuwa wanamwita hivyo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Bi Zawia akainuka. Akakivuta kigoda cha marehemu mumewe, akakiweka ukingoni mwa mkeka. Akatafuta sahani isiyo na ufa, akaweka wali, akaweka firigisi juu yake na kuifunika kwa kawa.

"Hii ni yake," akasema. "Atakula akija."

"Mama, hawatamwachia. Na Ofisa akiiona hiyo tumekwisha."

"Akiiona nitamwambia ni ya nani. Ndiyo maana nataka jina. Utarudi huko, ulitafute uniletee, na ukishalipata utakwenda kwa huyo wa suti, useme ulichotakiwa kusema."

Akachota mchuzi, akakoroga kidogo, akamwekea mwanawe shingo. Tegemeo akaanza kuila polepole, na mama yake akakaa akimtazama mpaka alipomaliza.